Uliberali wa Karatasi za Karanga

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Ijulikane kwa wote waliopo, na kwa vizazi vitakavyokuja: leo asubuhi, katika parcelle ya Mama Houda (ua mmoja, wapangaji wengi), hapa Mutakura, utawala wa ufagio umekwisha.

Chanzo ni karanga. Jirani yangu Mwavita anaziuza hapo getini, na huzifunga kwa kurasa za kitabu kikuukuu cha Kifaransa kisicho na jalada. Nikila, nasoma. Leo nimeangukia ukurasa mtamu kuliko karanga zenyewe. Uliberali! Mtu huzaliwa huru. Hakuna wa kumlazimisha mtu mzima jambo asilolitaka. Na chini kabisa: kila mtu afanye apendavyo, isipokuwa...

Nikageuza. Picha ya mzee mwenye ndevu. Isipokuwa nini? Haidhuru. Jambo la maana lingewekwa mwanzoni.

Zamu ya kufagia uani ilikuwa yangu. Sikufagia. Si uvivu. Ni falsafa.

Mama Houda, mwenye nyumba, alikwenda Rumonge jana kumwona mjukuu wake. Kaniachia ufunguo wa geti. Akirudi akakuta amani, chumba cha mbele kinachotazama barabara ni changu. Nisipoweza, ni cha Ilyasi, fundi wa pikipiki. Mimi nakodisha kostimu za harusi. Ninazo tatu na nusu (nusu ni koti, suruali yake ilikwenda Uvira na bwana harusi, haikurudi). Huku nyuma, karibu na choo, wateja hunitafuta kwa pua. Kile chumba lazima nikipate. Ilyasi maskini, hana falsafa.

Jumanne, tarehe 9

Mkutano mkuu wa wapangaji, chini ya kamba za nguo. Nikasimama juu ya ndoo. Nikatangaza sheria za Mama Houda zimesimamishwa: zamu za ufagio, marufuku ya kelele za jioni, marufuku ya kuanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Shangwe!

Dieudonné wa chumba cha pili akauliza kama kwaya yake inaweza kufanyia mazoezi hapa. Uhuru wa dini, nikamjibu. Mwavita akauliza kama anaweza kuanika ndagala uani. Akauliza mara mbili. Akataka hata kumpigia Mama Houda simu kwanza. Nikamsihi aache mawazo ya kitumwa.

Ilyasi alikuwa pembeni, anatafuna karanga. Mwishowe akauliza: na yeye? Nikamwambia, kwa ukarimu mkubwa, yeye zaidi ya wote. Akatabasamu. Lile tabasamu silipendi.

Jumatano, tarehe 10

Siku ya kwanza ya uhuru! Nimemsaidia Mwavita kutandika turubai, tena chini ya dirisha langu, ndipo penye jua zuri. Kiongozi lazima aonyeshe mfano. Ndagala zinang'aa. Nzi wa mitaa yote wamepata habari.

Jioni kwaya. Wimbo mmoja, ubeti mmoja, mpaka nikaijua sehemu ya besi kuliko mwenye besi. Ilyasi naye amefungua injini mbele ya mlango wangu, nati zimetawanyika kama mbegu. Kutoka ndani naruka kama chura. Nikamlalamikia. Hakuinua hata kichwa.

"Ndugu yangu, mi niko huru. Ni we ulisema."

Nikanunua karanga niitafute ile isipokuwa. Nikala mpaka tumbo likapinga. Nilichopata ni ukurasa wa soko huria: ushindani ukiachwa huru, wote hunufaika. Safi kabisa! Nimeubandika getini, watu waelimike.

Alhamisi, tarehe 11

Ilyasi ameelimika. Ametundika kostimu yake ya harusi, ile nyeusi, kwenye usukani wa pikipiki, na kibao: INAKODISHWA. Huu ni uhuni! Karibu nitoke kwenye uliberali. Nikajizuia.

Saa ya chakula akaja Vainqueur, mteja wangu wa Jumamosi. Kijana anatoa dote (mahari) huko Cibitoke, kostimu yangu ya bluu ndiyo itamtambulisha kwa wakwe. Akaivaa. Akanusa kola. Akanusa kwapa. Akanusa kola tena.

"Kaka Ciri, hii koti ilipitia Kajaga kwa wavuvi?"

Nikamweleza kuwa ni hewa ya ziwa, watu wanapanda magari kwenda kuitafuta. Nikampulizia manukato hadi akapiga chafya. Akaenda kujaribu ile nyeusi ya Ilyasi: inanuka mafuta ya injini, na mikono inaishia kwenye kiwiko. Akarudi kwangu, kichwa chini.

Soko limeamua! Nimecheza peke yangu chumbani, kwa sauti ya kwaya.

Ijumaa, tarehe 12

Usaliti. Ilyasi karudi kutoka msikitini, kaitisha mkutano wake mwenyewe, juu ya ndoo yangu. Akatoa mfukoni karatasi yenye chumvi, akasoma kwa sauti ya imamu: "...isipokuwa pale anapomuumiza mwenzake."

Alikuwa nayo! Tangu Jumatatu! Siku ile nilinunua karanga, naye akanunua baada yangu, akapewa ukurasa uliofuata. Kaificha wiki nzima, aitoe Mama Houda akikaribia kurudi, aonekane mwokozi.

Nikasema ni ya kughushi. Wakaziweka karatasi mbili pamoja. Doa la mafuta la kwangu likaungana na doa la mafuta la kwake. Watu wakaguna.

Wakapiga kura: ufagio urudi. Dieudonné aliinua mikono yote miwili, nadhani kwa mazoea ya kanisani. Nikadai haki za walio wachache. Wakauliza ziko ukurasa gani. Ule ukurasa nilikuwa nao kabisa, lakini asubuhi niliuwashia mbabula, jiko langu la mkaa. Nikatoka mkutanoni kwa hasira, nikakanyaga nati.

Jumamosi, tarehe 13

Dote ya Vainqueur. Huwa naifuata kostimu yangu kila sherehe, nakaa nyuma kuona haimwagiwi Fanta.

Msemaji wa kijana akawasifu ng'ombe wa dote kama desturi: pembe, mwendo, maziwa. Ikawa zamu ya msemaji wa msichana, mzee Sylvère. Akaiweka desturi kando. Akainua pua.

"Wakwe zetu, hao ng'ombe tumewasikia. Mbona wananuka kama wametoka ziwani?"

Ukumbi ukalipuka. Msichana akafunika uso kwa kitambaa, mabega yakiruka. Vainqueur akikataliwa kwa ajili ya koti langu, biashara imekufa, chumba cha mbele nitakitundikia nini? Lakini msemaji wake akasimama taratibu, akajibu kuwa ng'ombe wao hawanywi maji ya ndoo, hunywa Tanganyika yenyewe. Makofi! Wakakubaliwa! Nilishangilia kuliko baba yake.

Ndipo nikaona mtu mmoja pembeni yangu hapigi makofi. Mama Houda. Rafiki wa mama wa msichana; ametoka Rumonge moja kwa moja. Aliitazama kostimu ya bluu. Akanitazama mimi. Akanusa, mara moja tu.

Jumapili, tarehe 14

Mama Houda kaketi uani, juu ya ile ndoo. Akauliza nani aliruhusu mambo haya. Vidole vyote kwangu. Ilyasi akatoa ukurasa wake, akasimulia alivyorudisha utulivu. Mama akamuuliza mbona aliukalia siku zote hizo, injini ikiwa mlangoni pa mtu. Ilyasi akainama kuokota nati! Nilikuwa tayari napanga misumari ya kostimu zangu kule mbele.

"Chumba ni ya Mwavita," akasema. "Ni yeye peke yake alinipigia simu kuniomba ruhusa. Nikamuambia, anika siku moja, lakini mbali na madirisha ya watu. Ni nani alimuonyesha pale?"

Nikakumbuka nina kazi chumbani.

Jioni nimenunua karanga. Mwavita sasa anauzia kwenye dirisha la mbele, kama benki. Sijui karatasi zake anazitoa wapi: leo ni kitabu kingine kabisa, na ni kizuri kupita kile! Mali yote ni ya wote! Nyumba, mashamba, viwanda. Basi hata chumba cha mbele. Chini kabisa kuna neno "lakini", halafu ukurasa umeisha. Haidhuru. Kesho asubuhi naitisha mkutano. Jambo la kwanza, ndoo irudishwe kwa umma.

Kesho ni Jumatatu. Zamu ya kufagia ni yangu.