Kula ya Gari Ni Juu Yangu

Siku Odilo alipoliona lile gari jeusi limeegeshwa mbele ya mgahawa wake, pale njia panda ya Makambako, hakuliona gari kwanza. Aliona mtu mjinga. Mtu huyo aliitwa Kefa, dereva wa mlowezi mmoja wa Kizungu aliyefungasha virago akarudi kwao Ulaya, naye alikuwa akilifuta boneti kwa kitambaa huku uso umemshuka, utadhani anaosha maiti.

Zilikuwa siku za Mwingereza, na gari la mtu binafsi likipita watu waliacha kununua na kuuza wakatoka kulitazama. Na hili halikuwa gari la kupuuza. Lilikuwa na silinda nane, viti vya ngozi vya kubeba familia na mashemeji zake, na boneti refu kiasi kwamba mbele ya gari ilifika mahali, ndipo dereva akafuata baadaye.

"Kamwene, Bwana Kefa," Odilo akasema, ameshika kikombe cha chai ambacho kwa kawaida hakumpa mtu bure. "Mbona unyonge?"

"Mzungu kaniachia hili liwe kiinua mgongo changu," Kefa akajibu. "Mimi nilitaka fedha, kaka. Nifungue biashara ndogo, nitulie."

"Pole sana." Moyoni Odilo alikuwa akipiga vigelegele. "Mimi huruma ndiyo inayonimaliza. Chukua mgahawa wangu huu, na benchi zake, na sufuria zake, na wateja unaowaona wamekaa. Mzigo huo niachie mimi nihangaike nao."

Hakusema kwamba paa lilikuwa linavuja. Kiangazi kilikuwa kimeshaingia, na wakati wa kiangazi habari za paa linalovuja huzijua mwenye paa peke yake. Kefa alilitazama gari, akautazama mgahawa, akalitazama gari tena.

"Sitaki lawama," akasema. "Nakwambia mapema, gari hili linakula."

"Kila kiumbe kinakula," Odilo akajibu, na wakapeana mikono mbele ya wanywaji chai wote.

Sasa, Odilo aliwahi kuwa utingo wa lori, na utingo yeyote atakuambia kwamba yeye ni dereva ila hajapata kuulizwa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Atapakia abiria kati ya Makambako na Njombe majuma machache, atakula nauli, kisha atalipeleka gari kwa tajiri fulani kwa bei mara mbili ya mgahawa. Asubuhi ya kwanza alimimina debe zima la petroli, akapakia watu tisa na mbuzi mmoja, akapiga honi kuwaaga wenye wivu.

Walipofika Mtwango gari lilikohoa, likajamba moshi, likazima. Debe lilikuwa limekwisha. Mama mmoja wa Kilutheri, mwenye heshima zake, alishuka akaliinamia tangi, akanusa, akasema hata shemeji yake anayekunywa ulanzi tangu alfajiri hamalizi vile. Abiria walidai nauli zao na kuendelea kwa miguu, na mbuzi alikuwa wa kwanza kufika Njombe.

Petroli ilikuwa mwanzo tu. Oili lilivuta kama bibi anavyovuta ugoro, kidogo kidogo bila kukoma. Plagi, ambazo magari ya watu wengine yana nne, hili lilitaka nane, na zote ziliugua siku moja. Tairi la kipimo chake halikupatikana Njombe wala Iringa, lilikuwa la kuagizwa pwani na kusubiriwa kama barua ya mwana aliyepotea. Ilipofika zamu ya leseni, karani wa boma alilizunguka gari akihesabu madirisha, akampangia Odilo ada ambayo ilimfanya akae chini kwenye ngazi za ofisi.

Akauza baiskeli. Akauza saa. Akauza koti, kisha sweta, na Njombe, kwa wasioijua, si mahali pa kuuza sweta mwezi wa sita. Ukungu ulipotanda asubuhi watu walimwona bwana mmoja anayemiliki gari la fahari, ametoka kwenye kiti cha nyuma alikolala, anatetemeka ndani ya shati. Maana mgahawa ndio uliokuwa nyumba yake, na nyumba ilikuwa imeondoka. Odilo aliogopa, na hofu ilikuwa kitu kigeni kwake. Petroli ya safari moja ya maana ndiyo iliyobaki. Asipoliuza safari hiyo, atabaki na gari lisilokwenda na hana hata mlango wa kugonga.

Ndipo aliposikia habari za Filemoni wa Kifanya.

Filemoni alikuwa mzee wa kanisa, tajiri wa miti ya miwati na pareto, na bahili wa daraja la kwanza. Koti lake alilivaa ndani nje siku za kazi, ili upande wa nje ubaki mpya kwa ajili ya Jumapili. Binti yake Ema alikuwa anaolewa Makambako, na ukoo wa bwana harusi ulikuwa umeshatangaza kwamba watu wa Kifanya watakuja kwa miguu, wamejaa vumbi, wamebeba viatu mkononi. Maneno hayo yalimchoma Filemoni kuliko gharama, na hilo lilikuwa jambo la ajabu katika maisha yake.

Odilo aliingia Kifanya akiteremka mlima na injini imezimwa, kimya kabisa, kama malaika. Filemoni alitoka nje akifuatwa na mkewe Tabea, mama mtulivu aliyekuwa akifuma sweta hata anapotembea. Alikuwa na macho mapole ambayo Odilo alihisi amewahi kuyaona mahali, lakini hakuwa na nafasi ya kukumbuka.

"Linakwenda bila sauti?" Filemoni akauliza.

"Likiwa na furaha," Odilo akasema. "Ingia, baba. Tazama mshale huo wa petroli umesimama wapi."

Mshale ulikuwa umesimama mwisho kabisa, palipoandikwa kuwa tangi limejaa. Ulikuwa umekufa tangu enzi za yule mlowezi, na kwa bahati ulifia mahali pazuri. Wakazunguka kijiji, wakapanda hadi kwenye miwati ya Filemoni, wakarudi. Mzee hakuangalia barabara hata mara moja. Alikodolea macho ule mshale, na mshale haukutikisika.

"Bwana Odilo," akasema kwa sauti ya mtu aliyeingia kanisani, "linakunywa nini basi?"

"Baba Ema, nikuulize. Nyumbani kwako nani anakula mara nyingi, mtoto au mtu mzima?"

"Mtoto. Kutwa anadai uji."

"Basi gari dogo ni mtoto. Lina silinda nne tu, bado linakua, kila saa linalia. Hili ni mtu mzima. Limemaliza kukua huko huko Ulaya. Linakula kwa adabu tu, lisionekane lina kiburi."

Filemoni alitikisa kichwa kwa masikitiko, akiwafikiria watu wote duniani waliodanganywa wakanunua magari madogo. Tabea akakata uzi kwa meno.

"Maneno mazuri," akasema. "Ila katika ukoo wetu, shemeji, mtu akileta ng'ombe akamsifu kwamba hali sana, sisi humwambia amlishe yeye mwenyewe mpaka mvua za kwanza. Kama kweli hali sana, mwuzaji hapotezi kitu. Si ndivyo, Baba Ema?"

"Ndivyo," Filemoni akasema, kwa kuwa ilihusu kutotoa fedha.

"Lakini mama, hili ni gari," Odilo akasema.

"Umesema mwenyewe kuwa ni mtu mzima mwenye adabu. Sasa unaogopa kumkaribisha chakula?"

Odilo akacheka, ingawa jasho lilimtoka katika baridi ile. Akauliza upande wa malipo ukoje. Tabea akamweleza taratibu, sindano zikiendelea kugongana: ndugu yake alikuwa na nyumba ya biashara Makambako, njia panda kabisa, inaingiza fedha kila siku, na alikuwa tayari kuitoa kwa niaba ya ukoo ili Ema asindikizwe kwa heshima. Odilo akaiona nyumba hiyo mbele yake. Aliiona ina mabati mapya, mizani ya shaba na vitambaa vimepangwa mpaka darini. Akajiona anaiuza kabla jua halijazama na kupanda lori la Iringa, na kiapo cha kulisha gari kikibaki Kifanya kuwapigia watu stori.

Wakamwita jumbe. Odilo alisimama mbele yake na mbele ya wazee, akaweka mkono kifuani, akatamka kwa sauti iliyowafanya akina mama wawili wafute machozi: "Kula ya gari hili, popote litakapokuwa, mpaka mvua za kwanza, ni juu yangu." Kamwe hakuwahi kuapa vizuri namna ile. Akawaachia ufunguo, akapanda juu ya lori la magome ya miwati, akaenda Makambako akiimba.

Njia panda alikuta mgahawa mmoja tu. Kwenye benchi alikaa Kefa, sufuria zimefungwa kwa kamba miguuni pake, ametulia na macho yake mapole.

"Karibu, kaka," Kefa akasema. "Dada kanitumia habari."

"Dada gani?"

"Tabea wa Kifanya. Nilimwambia mgahawa umenishinda, sina mdomo wa biashara. Akasema wewe utapita tu kwake, kwa kuwa hakuna tajiri mwingine mwenye harusi. Basi chukua nyumba yako. Sufuria nakwenda nazo, hizi nimenunua mimi. Zile zako zilikuwa na matundu."

Siku hiyo hiyo Odilo akaanza kutembeza mgahawa kwa wanunuzi. Tatizo likawa kwamba Kefa hakujua kusema uongo. Katika muda wote aliokaa pale, kila aliyemwuliza habari za biashara alielezwa paa linavuja wapi na wapi, na pembeni kwenye tundu kubwa Kefa aliweka kijiti kuonyesha. Makambako nzima ilikuwa imeshaliona tundu lile.

Akabaki. Akaazima sufuria, akachemsha chai, akajifariji. Kifanya ni mbali, na walioko huko hawana petroli hata ya kufika Njombe. Watamdai vipi kula ya gari ambalo haliwezi kuja kudai? Kila alipofikiri hivyo alipata usingizi.

Jumamosi ya harusi Makambako ilisikia honi. Watu wakatoka nje, Odilo naye akatoka na kitambaa begani. Gari jeusi lilikuwa likija polepole katika vumbi, limepambwa maua ya pareto, limeng'arishwa mpaka linamulika macho. Nyuma aliketi bibi harusi Ema na shangazi zake, hakuna hata mmoja mwenye vumbi miguuni. Mbele aliketi jumbe wa Kifanya, ameshika usukani kwa mikono miwili kwa uso wa kazi nzito. Na mbele ya boneti, wawili wawili, wakikokota kwa minyororo, walitembea maksai wanene weusi.

Ukoo wa bwana harusi ulikuwa umejipanga kucheka watembea kwa miguu. Ulipoona vile haukujua ucheke nini, ukapiga vigelegele.

Filemoni alishuka, koti lake upande wa nje ukiwa nje, akamkumbatia Odilo kwa nguvu.

"Bwana Odilo, nilikuwa na wasiwasi na wewe, nakuomba radhi," akasema, na kweli macho yalimlowa. "Ulisema kweli tupu. Tangu utuachie gari hili halijanywa hata tone."

"Injini iko wapi?" Odilo akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama Ema kaiuza kwa mwenye mashine ya kupasua mbao, aliyehitaji yenye nguvu. Imetulipia harusi yote, na chenji imebaki. Silinda nane zimetoka, maksai wanane wameingia."

Odilo akavuta pumzi. Hakuna injini, hakuna petroli. Akahisi mzigo unamtoka mgongoni, akaanza hata kutabasamu. Wakati huo Tabea alikuwa anashuka kwenye gari, na kwapani alikuwa na sweta aliyoimaliza.

"Hii ni yako, shemeji," akasema. "Asubuhi kuna baridi, na nyasi hukatwa asubuhi."

"Nyasi gani, mama?"

Tabea alimtazama jumbe, na jumbe, bila kuachia usukani, akatoa kichwa dirishani.

"Kula ya gari hili," akasema jumbe, "popote litakapokuwa. Mpaka mvua za kwanza. Nilikuwapo."

"Sisi tutarudi kwa lori," Tabea akaeleza kwa upole, "maana malisho ya Kifanya yamekauka. Gari litabaki hapa likale." Wakawafungua maksai wanane, wakawafunga kwenye nguzo za mgahawa, na nguzo zikalia. Maksai wa mbele akanyoosha shingo, akang'oa fungu la nyasi kwenye paa, upande ule ule wenye kijiti, akaanza kutafuna.

Tangu siku ile, kabla hakujapambazuka, Odilo alionekana mabondeni amevaa sweta nzuri ya kijivu, anakata nyasi. Kiangazi cha Makambako kina upepo na hakina majani, ikambidi afuate mbali, na fedha yote ya chai akanunulia mabua ya mahindi. Kila jioni alitazama mawingu, ambayo hayakuwapo.

Siku moja akapita mchuuzi kutoka Mawengi, mtu mwenye kiatu kizuri na mfuko uliotuna. Akawazunguka maksai, akawapapasa mgongo, akapenda.

"Wanyama wazuri hawa," akasema. "Wanakula sana?"

Ulimi wa Odilo ukajinyanyua wenyewe. Maneno yote yalikuwapo, yamejipanga, watu wazima na watoto na adabu za Ulaya. Kisha akayasikia mataya manane yakisaga nyuma yake.

"Sana," akasema. "Wanakula sana, baba."

Mchuuzi akashukuru, akaenda zake. Odilo akachukua mundu na kamba, akashuka tena bondeni, maana lile fungu la asubuhi lilikuwa limekwisha.