Natafuta Huzuni ya Kupigia Gitaa

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhalilishwa. Mwalimu wa gitaa kanisikiliza nikibuni papo hapo kwa ufunguo wa A maina. Jazi laini, macho nimefumba. Nilipomaliza akakuna kidevu, akasema vidole vyangu havina kosa hata moja, ila napiga kama mtu anayesoma orodha ya vipuri dukani. Maina ni ufunguo wa huzuni, binti. Ya kwako iko wapi?

Swali zito. Jumamosi bendi yake inachagua mpiga gitaa mpya: mimi au Kinyozi. Kinyozi! Hajui kusoma noti, anacheka akipiga, na watu wanafuta machozi. Nafasi hii nimeingoja miaka mitatu. Sitaki kitu kingine duniani.

Nimekagua huzuni zangu. Wazazi hai. Afya njema. Shahada ninayo. Hakuna aliyewahi kuniacha, maana hakuna aliyewahi kunishika. Aibu tupu.

Jumanne, 4 Machi
Msako umeanza. Nimekaa na picha ya marehemu bibi saa nzima. Bahati mbaya bibi alipigwa picha akijizuia kucheka, nami nikacheka. Nikahamia dirishani, nikaitazama mvua kwa makini. Mama akapita, akauliza, mwanangu, tumbo linakuuma? Nikasema ni roho. Akaniletea dawa ya tumbo.

Nimeinywa. Nimepiga maina. Vipuri.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya: kuchunguza huzuni ya mpinzani. Nilijifanya nataka kupunguzwa nywele, kidogo tu, kisogoni. Nikiwa kitini nikamwuliza Kinyozi, kwa upole, amefiwa na nani. Akasema dada yangu wee, wa kwangu wote wanadunda! Sasa anapopiga anawaza nini? Hawazi. Anamsikiliza mpiga besi. Besi ikishuka, anashuka nayo. Ikinyamaza, anaingoja. Basi.

Ni wazi anaficha kitu. Kitu kikubwa.

Kwa kudadisi sikuangalia kioo. Nimetoka na kichwa kama cha mtu aliyeugua. Nilihuzunika, ndiyo, lakini ilikuwa ile yenye hasira ndani. Haifai kwa jazi laini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimegombana na dada. Tumelala chumba kimoja tangu utoto. Ndiye nimpendaye kuliko wote, kwa hiyo ugomvi naye ndio wenye huzuni ya faida. Sababu niliyochagua: tabia yake ya kuimbia puani akikunja nguo. Nikamwambia kelele zake zinaua kipaji changu, muziki haujui, na Jumamosi asije kabisa. Maneno niliyatayarisha. Rasimu mbili.

Alikunja blauzi ile ile mara tatu. Kisha akasema sawa, mdogo wangu, na kwa kuwa leo tunaambiana mambo: amepata kazi mji mwingine, anaondoka Jumapili. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia.

Nikamwomba tuanze kusikitika leo leo, ili Jumamosi itukute tumeiva. Akasema, wewe mtoto una wazimu, akageukia ukuta.

Nimeandika kila kitu. Usingizi umegoma kuja. Pengine ni ile dawa.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi wa mazoezi uko nyuma ya karakana ya seremala. Harufu ya vanishi. Mwalimu akahesabu nne, tukaingia. Nikaipeleka akili kwa dada na safari yake. Vidole vikaendelea na vipuri.

Ndipo nikamsikia. Amekuja! Kaketi nyuma juu ya rundo la mbao, na bila kujua anaimbia puani, pole pole, akiifuata besi. Nikasahau mpango. Nikamfuata. Alipopanda nikapanda, alipopumua nikapumua. Raundi nzima. Mpiga besi akafumbua macho. Kinyozi akaacha kutafuna karanga.

Nikajiambia: hii hapa! Huzuni! Nikaachia nyuzi, nikashika penseli iliyokuwa sikioni niandike inavyohisiwa kabla haijapotea.

Besi ilinisubiri raundi moja, kama mtu anayeshikilia mlango. Kisha Kinyozi akaingia, kwa adabu, na mlango ukafungwa. Nafasi ni yake.

Baadaye mwalimu akaniuliza ile raundi moja ilitoka wapi. Nikasema kwenye huzuni, mwalimu. Akatikisa kichwa. Akasema kwa mara ya kwanza tangu anifahamu nilikuwa namsikiliza mtu. Nikamshukuru. Mzee amechoka, masikio yameanza kumchezea.

Jumapili, 9 Machi
Dada ameondoka. Kituoni alinikumbatia, akanishika kichwa changu kilichonyolewa vibaya, akauliza nitapata usingizi peke yangu? Nikamwambia asijali, kuondoka kwake kumekuja wakati mwafaka kwa sanaa. Akacheka, akalia. Nami nililia, kidogo, upande usioonekana.

Chumba kimekuwa kikubwa. Kitanda chake kimebaki godoro tupu. Mazingira kamili! Nikachukua gitaa. Mara mbili nilijikuta naimbia puani kama yeye, vidole navyo vikianza kuifuata sauti. Nikajinyamazisha mara moja. Inavuruga umakini.

Baada ya hapo nimepiga saa mbili. Hakuna kitu.

Sasa naona kosa langu lilipo. Huzuni moja haitoshi. Mpiga besi anasema bendi itahitaji gitaa la pili mwezi ujao, kwa hiyo hakuna muda wa kupoteza.

Kesho namchokoza baba.