Baiskeli Isiyopinda Kulia

Jumatatu, 4 Machi

Nimetia saini chini ya mstari mwekundu. Mara ya pili mwezi huu, na mwezi wenyewe una siku nne tu!

Utaratibu wa ofisi yetu ya ramani na mipaka ya viwanja ni huu: saa mbili kamili asubuhi tarishi hupiga mstari mwekundu katika daftari la mahudhurio. Juu ya mstari ni wafanyakazi. Chini ya mstari ni wavivu. Leo Mkuu wetu, mama asiyepandisha sauti hata akikasirika, ameniita na kunieleza kwa upole kwamba nikiingia chini ya mstari mara ya tatu, nitahamishiwa ghala la majalada, chini kabisa ya jengo. Huko hakuna dirisha. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye meza ya dirishani!

Meza atapewa Kiherehere. Huyu ni karani mwenzangu ambaye hufika kazini kabla ya jogoo wa mlinzi. Nilipotoka kwa Mkuu nilimkuta amekwisha kuweka kikombe chake juu ya meza yangu. Alisema anatazama tu kama kitapendeza hapo. Nikakiondoa. Akasema, "Taratibu, Mzee, usije ukakivunja. Kitarudi."

Natembea kwa miguu dakika hamsini. Kosa si langu, ni la miguu. Nimekata shauri: nitanunua baiskeli. Iliyotumika, ya bei nafuu.

Mke wangu ameshauri nimwone kwanza kaka yake, fundi wa baiskeli, mwenye kibanda kwenye kona ya mtaa wetu. Nimekataa. Shemeji akikuazima spana, habari za spana hiyo utazisikia mpaka upate vitukuu. Tena mtu aliyechora ramani za nusu ya mji huu hahitaji kuonyeshwa baiskeli ilivyo.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua! Muuzaji ni fundi cherehani anayekaa nyuma ya soko. Baiskeli ni nyeusi, nzito, taa mbele, karia nyuma. Nilimwambia wazi kwamba mimi sinunui kitu bila kukijaribu. Akasema amefurahi kumpata hatimaye mteja mwenye macho. Akanionyesha tenki la maji katikati ya ua, nilizunguke nitakavyo. Nikalizunguka mara saba. Laini kama hariri! Nilipotaka kulizunguka kwa upande wa pili, akaniomba radhi: upande huo kuna kamba ya nguo za wateja, nisije nikazichafua. Mtu mstaarabu.

Nikambana kwa sababu haina kengele. Akapunguza bei hata kabla sijamaliza kusema. Najuta. Ningetaja na kiti kilichochanika.

Nilitaka kuipanda hadi nyumbani, akakataa katakata. Aliita mkokoteni, akaulipia yeye mwenyewe, baiskeli ikaletwa mpaka mlangoni kwangu kama kabati la bibi harusi. Sijapata kuona muuzaji mwenye mapenzi namna hii.

Mke wangu aliitazama, akauliza kama kaka yake ameiona. Nilimjibu kwamba ataiona nikimpita.

Jumatano, 6 Machi

Usukani haupindi kulia!

Mbele, sawa. Kushoto, unapinda hadi mwisho. Kulia, hapana. Nimeusukuma. Nimeubembeleza. Nimeupiga kwa kiatu. Kimya.

Niligundua langoni, saa moja asubuhi, nikiwa nimekwisha kupanda. Ofisi iko kulia. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akinipungia mkono, kwa hiyo kurudi ndani kusingewezekana. Nikaenda kushoto. Nikapita mbele ya kibanda cha shemeji. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Shemeji! Ofisi imehama?" Nilimwambia navuta hewa. Nikapinda kushoto, na kushoto, na kushoto, na kushoto, nikamkuta shemeji palepale. Mke wangu naye bado alikuwa mlangoni. Alinipungia tena, lakini polepole.

Mara ya tatu shemeji alinikaribisha kiti.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nimeona kiwanda cha sabuni ambacho sikujua kama tunacho. Niliingia ofisini saa mbili na dakika ishirini nikiwa nimekwisha kuiaga meza yangu moyoni. Daftari liko wazi. Hakuna mstari! Kalamu nyekundu ilikuwa imekauka, tarishi amekwenda kutafuta nyingine. Nikatia saini juu, mahali pa wafanyakazi.

Mchana Kiherehere alitoka, akarudi na kalamu nyekundu mbili. Moja kila mfuko wa shati.

Alhamisi, 7 Machi

Jana jioni nilitandaza karatasi mezani na kuchora ramani. Nimevumbua jambo kubwa: kupinda kulia mara moja ni sawasawa na kupinda kushoto mara tatu! Sijui kwa nini watu hawafundishwi hili shuleni. Njia ya kazini ina kona nne za kulia. Basi ni kushoto mara kumi na mbili. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, mambo yanawezekana.

Mke wangu aliuliza kama si rahisi zaidi kumpelekea kaka yake. Nilimwambia baiskeli haina ubaya wowote. Ina msimamo.

Leo kila kitu kilikwenda kama nilivyochora, mpaka kwenye mzunguko wa barabara. Magari yote yanazunguka kwa kulia. Mimi nikazunguka kwa kushoto. Zogo! Honi! Dereva wa lori la maji aliniuliza kama nina watoto. Askari alipuliza filimbi, akanisimamisha na kuniuliza kama sioni kuwa kila mtu anakuja mbele yangu. Nilimjibu kwamba naona, na nimeshangaa. Hakucheka. Alinishusha, akainyanyua baiskeli kwa mikono miwili, akaielekeza kulia na kuniamuru nitoweke.

Nilifika saa mbili kasoro dakika mbili. Juu ya mstari! Kiherehere alikuwa amesimama kando ya tarishi, kalamu amekwisha kuifungua. Aliifunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa msiba.

Ila yule askari amenifungua akili. Kumbe baiskeli yaweza kunyanyuliwa.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango mpya. Shida ya kunyanyua ni macho ya watu: mtu akiniona naigeuza baiskeli kwa mikono, atajua nimeuziwa chuma chakavu, na kabla ya adhuhuri habari itakuwa kibandani kwa shemeji. Kwa hiyo, kila kona ya kulia, nashuka, nainama kufunga kamba za viatu, natazama huku na huku. Kukiwa kimya, nainyanyua, nageuza, napanda. Kona nne, kuinama mara nne. Nilifika saa mbili kasoro robo! Nikakaa dirishani na kuutazama mji wangu.

Kumbe Kiherehere alinifuata tangu kona ya pili. Alingoja ofisi ijae. Kisha akasema yeye hakujua kwamba viatu visivyo na kamba hufungwa mara nyingi namna ile. Watu wote wakaitazama miguu yangu. Nami nikaitazama. Viatu vya kuchomeka! Miaka sita navaa viatu vya kuchomeka.

Hakuridhika. Aliniomba aijaribu baiskeli uani. Ningekataaje mbele ya watu? Akaipanda, akazunguka, akazunguka, akapaza sauti: "Jamani! Baiskeli ya Mzee inajua upande mmoja!" Madirisha yote yakajaa vichwa. Dirisha langu lilijaa kuliko yote. Mkuu mwenyewe alitoka, akaniuliza kama hayo ni kweli.

Hapo akili ikanijia. Nilimwambia ni kweli, na nimefanya kwa makusudi. Ni kinga ya wezi. Mwizi akiiba baiskeli hii hawezi kwenda mbali. Atazunguka, atazunguka, na mwishowe atairudisha mwenyewe pale alipoiibia.

Mkuu akatikisa kichwa taratibu, kwa kukubali. Alisema ameibiwa baiskeli mbili, na kwa miaka yote aliyofanya kazi hajapata kusikia jambo lenye busara kama hili. Kiherehere alibaki ameikalia baiskeli, mguu mmoja chini, mdomo wazi. Raha niliyoiona!

Ningeishia hapo. Lakini Mkuu aliuliza ni fundi gani mwenye ujuzi huo, nami ulimi ukaniponza. Nilisema ni shemeji yangu. Akasema vema: kesho asubuhi ataleta baiskeli yake mpya kwenye kibanda hicho, ifanywe vivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu ina ladha. Nimeionja.

Saa moja asubuhi nilikuwa kibandani nikiungama. Mke wangu alinisindikiza. Alisema hawezi kulikosa hili. Nilimweleza shemeji yote: tenki la maji, kushoto kumi na mbili, kinga ya wezi, Mkuu yuko njiani. Alicheka hadi akakosa mahali pa kushika, akakalia beseni la maji analotafutia pancha. Hakuinuka. Aliendelea kucheka humo humo. Alipopata pumzi akaniambia, "Shemeji, Jumatano ulivyonizunguka hapa nilidhani unanilinda."

Kisha akafungua shingo ya usukani. Ndani palikuwa na msumari wa inchi nne, umepigiliwa na mtu aliyejua anachokifanya. Akauvuta kwa koleo. Dakika tatu! Usukani ukapinda kulia kana kwamba haujapata kukataa.

Mara Mkuu akafika, baiskeli yake juu ya gari. Nilisimama nyuma ya mke wangu. Meza yangu, dirisha langu, miaka kumi na tisa, vyote vilikuwa mdomoni mwa shemeji. Suruali yake ilikuwa inachuruzika maji. Akamtazama Mkuu bila hata kupepesa jicho, akasema, "Mama, kazi ile siifanyi kwa kila mtu. Inataka dereva aliyezoea kuzunguka, kama huyu shemeji yangu." Akamuuzia kufuli. Mkuu aliondoka ameridhika, na kwenye gari akanikumbusha kwa upole kwamba Jumatatu anatarajia kuliona jina langu juu ya mstari.

Nilitaka kushukuru. Mke wangu akasema shukrani tuiache, tutafute kiapo. Nimeapa, mkono juu, mbele ya dada na kaka, kwamba sitanunua tena chochote chenye magurudumu kabla shemeji hajakiona. Shemeji aliandika tarehe ukutani kwa chaki.

Jumapili, 10 Machi

Nimepinda kulia siku nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika ofisini saa moja na dakika ishirini. Dakika arobaini kabla ya mstari! Hata Kiherehere hajafika. Lango limefungwa, daftari liko kabatini, tarishi yuko kwake anakunywa chai. Nikasimama nje na dakika zangu, nisijue pa kuziweka.

Ng'ambo ya barabara mtu mmoja alikuwa anapangusa baiskeli. Nyekundu! Kengele mbili! Kioo cha kutazamia nyuma! Nilivuka ili kumsalimu tu. Akasema leo anasafiri, angependa imwangukie mtu wa heshima, na kwamba yuko tayari kubadilishana na yangu nikimwongezea saa yangu ya mkononi. Iandikwe hapa kwamba sikununua. Nilibadilishana. Kiapo kilihusu kununua.

Tena safari hii sikuwa mjinga. Nilipinda usukani kushoto. Ukapinda. Nilipinda kulia. Ukapinda! Nikachungulia shingoni. Hakuna msumari. Mtu aliyekwisha kuumwa ana macho manne.

Muda bado ulikuwepo, ijapokuwa saa ya kuutazamia ilikuwa imekwenda safari. Nikaikokota hadi juu ya kilima ili niijaribu ipasavyo. Nikageuka. Nikateremka.

Haina breki.

Nilipita ofisini. Mlinzi alinipigia saluti. Kiherehere alikuwa langoni, akanivulia kofia. Nikazipiga kengele zote mbili, zinalia vizuri sana. Nilisimama mtaa wa tatu, ndani ya lundo la mchanga wa wajenzi. Nikarudi kwa miguu nikiikokota, mchanga mpaka masikioni. Saa mbili na dakika kumi na moja. Mstari ulikuwepo. Ulikuwa mnene, naona ulipigwa mara mbili.

Mkuu hakupandisha sauti. Kufikia saa nne nilikuwa ghalani. Kiherehere aliniletea droo yangu mwenyewe, akaniuliza kwa adabu nataka aiweke wapi, Mzee, maana huku chini haoni vizuri.

Nilihuzunika kama nusu saa. Kisha nikalichunguza ghala kwa jicho la mchora ramani. Lina mlango wake wa nyuma! Kuna mteremko wa mikokoteni unaoanza barabarani na kushuka moja kwa moja hadi ndani. Hakuna lango, hakuna kona. Baiskeli yenye breki ingesimama kule juu, mwenyewe akateremka kwa miguu kama mpumbavu. Yangu itanileta mpaka mezani. Nitakuwa wa kwanza kila siku! Kiherehere na dirisha lake wataweza hilo? Nimefanya vema kutomwita shemeji. Angetia breki, akaharibu kila kitu.

Kabla ya kutoka nimeyahamisha majalada ya migogoro ya mipaka, nikayarundika mkabala na mlango huo wa mteremko. Ndiyo manene kuliko yote.