Mlango wa Patasi Waingia Makumbusho

Kinyozi alikuwa hajalikunjua gazeti vizuri, kelele zikaanza pale kwenye benchi la nje ya kibanda chake.

"Sikilizeni!" akasema kinyozi. "'Vivutio vya mji wetu mkongwe kisiwani: ngome, pango la popo, ufukwe wa kasa, na sasa mlango wa miaka mia tatu, uliookolewa na kuwekwa makumbusho.' Picha yake hii hapa."

"Pango la popo lina nini?" akadakia Nilikuwepo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa halijatokea jambo duniani yeye asiwepo. "Mtu anapanda boti kuja kunusa kinyesi! Na hao kasa, wakikuona wanajirudia zao majini."

"Wewe hata ngome hujawahi kuingia."

"Niingie nifanye nini? Ngome ni ya kutazama kwa nje, bwana!"

Patasi, seremala wa mtaa, hakuwa na hamu ya soga. Mama mkwe alikuwa anashuka botini asubuhi ile, mara ya kwanza tangu amwozeshe binti yake, tena kwa shingo upande, maana yeye alitaka mkwe karani. Na nyumba ya seremala haikuwa na mlango! Aliung'oa aurande, akauegemeza kwenye ukuta wa ngome jirani na karakana, akaenda kula. Kurudi, patupu. Tangu hapo mlangoni pananing'inia shuka.

Akainama kuitazama ile picha. Macho yakamtoka pima.

"Huu mlango wangu!"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Kwani wewe una miaka mia tatu?"

"Nimeuchonga mwaka niliooa! Oneni hili ua, mkono uliniteleza, likatoka na jani moja kubwa kama sikio."

Kinyozi akasoma, "'Wataalamu wanasema jani kubwa ni alama ya ukoo wa kifalme.'"

"Kifalme wapi!"

"'Na makovu ya katikati ni ya mapanga, ushahidi wa vita vikali.'"

"Mchi huo! Mke wangu alikuwa anagonga, mimi nimejifungia ndani nimelala fofofo."

"Sasa umefikaje makumbusho?"

Nilikuwepo akaanza kuchezea kandambili yake.

"Siku wanaupakia... nilikuwepo. Nikawasaidia kidogo kuubeba, maana mzito ule. Nilidhani umewauzia. Wakaniuliza ni wa zamani? Nikasema upo hapo tangu nizaliwe. Sasa ndugu yangu, unaulizwa na watu wa suti, utasema hujui?"

Patasi alikuwa ameshamkunja shati wakati mama mkwe alipotokea kichochoroni na begi lake.

"Shikamoo mama," akasema, akiliachia shati taratibu.

"Marahaba, baba. Boti imewahi, nikapitia makumbusho. Nimeona mlango huko! Aliyeuchonga alikuwa fundi hasa. Mwanangu angempata mume wa namna ile, ningelala usingizi."

Patasi akasikia raha, akasikia na uchungu. Miaka yote aliisubiri sifa hiyo, leo imekuja anapewa marehemu ambaye hakuwahi kuwepo.

"Mama, ule mlango nimeuchonga mimi."

"Mkwe wangu, jisifu, lakini kwa kiasi. Haya, nyumbani ni wapi?"

Palikuwa ng'ambo tu ya kichochoro. Mama mkwe akasimama mbele ya shuka linalopepea.

"Mlango uko wapi?"

"Makumbusho!" likajibu benchi zima.

Akalitazama shuka, akamtazama mkwewe aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Uso wa mama ukalegea.

"Kumbe kweli ni wewe," akasema. "Mwongo angedai ule wa makumbusho huku wake uko mahali pake. Nimekukosea, baba. Ila mwanangu halali nyuma ya shuka. Utachonga mwingine kama ule ule, na mimi sing'oki hapa mpaka umalize."

"Nitaumaliza upesi, mama," Patasi akawahi kusema.

"Ule wa kwanza ulichukua muda gani?"

"Mwaka mzima, mama," akajibu Nilikuwepo kutoka benchini. "Tena hapo alikuwa anajitahidi."

Mama mkwe akamkabidhi Patasi begi.

"Basi ingiza hili. Mengine yako bandarini."