Plasta ya Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimekasirika. Mke wangu ana mimba ya wiki kumi na tatu, na leo kliniki wamemwambia amebeba kinasaba cha selimundu. Yeye haumwi wala hataumwa. Lakini mimi nami lazima nipimwe, maana tukiwa nacho wote wawili, mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa. Sawa. Ila kwa nini daktari alinikazia macho mimi aliposema "mgonjwa"? Nikamwambia ukoo wetu ni chuma kitupu. Akaandika kitu. Sijapenda alivyoandika.

Jioni akaja kaka wa mke wangu, mwalimu wa biolojia. Namwita Profesa, na si kwa sifa. Akachora visanduku vinne kwenye kalenda yangu, kimoja akakijaza wino mwekundu. Robo, akasema. Tukiwa nacho wote, kila mtoto ana uwezekano wa robo. Mke wangu akakitazama kile chekundu mpaka chakula kikapoa. Na kalenda yenyewe mpya!

Jumanne, 4 Machi
Siogopi sindano. Iandikwe hivyo. Mimi ni fundi makochi, kutwa nzima nina sindano ndefu kuliko kiganja. Basi tu, kochi halina mishipa. Nilifika maabara saa mbili asubuhi, nikamwona nesi akimfunga mzee mmoja mpira mkononi, nikakumbuka nina kazi ya watu karakana. Sikukimbia. Nilitembea haraka.

Njiani akili ikanijia. Mdogo wangu! Baba mmoja, mama mmoja. Damu ile ile, chupa tofauti!

Jumatano, 5 Machi
Mdogo wangu anachomelea mageti, tunamwita Cheche. Ili atoe damu kwa jina langu ametaka koti langu la harusi. Mnyonyaji! Nimempa, pamoja na kitambulisho. Picha imefifia, anaweza kuwa mtu yeyote mwenye masikio. Alirudi na plasta mkononi. Nikaibandua, nikajibandika mwenyewe. Iling'oka na vinyweleo vyake. Kelele alizopiga! Mtu mzima!

Mke wangu aliiona plasta. Akasema anajua ninavyoogopa sindano, na kwamba leo amejiona hayuko peke yake. Amelala ameushika mkono wangu palepale. Mkono umekufa ganzi, sijathubutu kuutoa. Nani kamwambia naogopa sindano? Profesa. Hakuna mwingine.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu ni siku saba za kazi. Saba! Mimi kochi la watu watatu namaliza kwa nne. Mke wangu hali vizuri. Nguo za mtoto amezikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Simu ikilia anashika tumbo kwanza, ndipo anashika simu. Nimempigia dada wa mapokezi mara sita. Mara ya saba amenitambua kwa kuhema tu, akakata. Ndiyo huduma hiyo?

Lakini benchi lao la mapokezi limechanika, sponji liko nje. Nimejitolea kulitengeneza bure. Nikipiga magoti pale, hakuna bahasha ya majibu itakayonipita.

Jumatano, 12 Machi
Siku ya pili chini ya benchi. Mama mmoja amenikalia mkono, hakuomba radhi. Saa nne bahasha zikaletwa, siku mbili kabla ya ahadi. Yangu ikiwa juu kabisa! Dada wa mapokezi akageuka kuchukua chai, nikaichukua. Nikaisomea chooni.

Anacho. Cheche anacho! Mshenzi yule! Nimempa koti zima, kaniletea hiki!

Sikuwa na pa kuificha. Nikaitumbukiza kwenye sponji la benchi, nikashona juu mshono wa mara mbili. Karatasi isiyoonekana haimlizi mtu.

Alhamisi, 13 Machi
Kumbe wana kompyuta. Daktari amempigia mke wangu moja kwa moja.

Nimemkuta amekaa sakafuni jikoni, simu mapajani. Akasema, "Kumbe ni sisi wote wawili." Hakulia kwa sauti. Hilo ndilo lililonishinda. Nikachuchumaa nikamwambia, "Usilie, mke wangu, hata si damu yangu."

Nilidhani atafurahi.

Aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia. Akainuka kwa kushika meza, taratibu, akasema, "Siku kumi namgawa mwanangu robo robo kichwani. Na wewe umevaa plasta." Sijawahi kumsikia akisema polepole hivyo. Afadhali angetupa sahani.

Jioni walikuwa wamejaa sebuleni. Mama mkwe hakunisalimia. Profesa alinisalimia, tena kwa furaha, jambo baya zaidi. Cheche akaingia amevaa koti, anawaka. Sasa lazima naye ampeleke mchumba wake kupima, na amwambie amejuaje. Nikamwambia anishukuru, amejua bila kupanga foleni. Akanivamia. Waliotuamua ni mama mkwe na ufagio, na ufagio ulikuwa upande wa Cheche.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepelekwa maabara kama mwizi. Mke wangu kulia, Profesa kushoto. Nesi alipofunga mpira nikamwambia nina swali. Akauliza swali gani. Silikumbuki.

Nilizinduka nimelazwa kwenye benchi nililolitengeneza mwenyewe. Sponji safi, mshono imara. Ila nikigeuza kichwa, linachakacha. Nesi akasikia. Akaleta mkasi, akafumua kazi yangu ya siku mbili mbele ya wagonjwa! Profesa alicheka mpaka akaomba maji. Mke wangu hakucheka. Aliikunja ile karatasi, akaiweka kwenye mkoba, akaniambia nitalala sebuleni mpaka majibu yatoke.

Kochi la sebuleni ni kazi yangu. Lina chuma kinachochoma mbavu. Sijui nilimshonea nani kwa hasira.

Jumanne, 25 Machi
Sina!

Daktari amesoma mara mbili kwa sababu mke wangu alimwomba arudie. Sina kinasaba. Mtoto anaweza kubeba kama mama yake, basi, ugonjwa huo hataupata. Mke wangu akaniegemea begani akalia, safari hii kwa sauti. Halafu akakumbuka, akanipiga na mkoba. Halafu akaegemea tena. Nami macho yaliniwasha. Ni dawa zao za kusafishia.

Nilisema tangu siku ya kwanza, ukoo wetu ni chuma! Wangenisikiliza tusingehangaika wiki tatu. Hakuna aliyeniomba radhi. Hata mmoja.

Tukiwa mlangoni nesi akatukimbilia. Wiki ijayo waume wote wanatakiwa kuchangia damu, iwepo akiba mama akijifungua. Chupa nzima! Mke wangu akajibu kwa niaba yangu kwamba nitafurahi sana.

Jioni nimepita kwa binamu yangu, dereva wa lori. Mtu mwenye afya, mishipa kama kamba. Nimemuuliza anavaa viatu namba ngapi, maana vyangu vya harusi bado ninavyo.