Honi ya Misa ya Pentekoste

Jumatatu, 31 Mei 1954
Floribert tena! Padri amemsifu mbele ya wote kwa ngoma yake ya kuita watu kwenye misa. Ngoma, mwaka huu! Nimemwambia Padri kwamba Jumapili nitaita mimi, kwa honi ya kamyo, yaani lori, na batri, isikike mpaka Sake. Amekubali: kati yetu, atakayejaza kanisa atapewa ile nyumba ya matofali ya misheni. Bila nyumba, baba yake Verdiane hanipi binti. Alishasema.

Jumatano, 2 Juni
Hasira tupu. Nyaya za kibonyezo ni nyembamba, honi inaziunguza. Inatakiwa relais: kidude cha sumaku, umeme mdogo unakivuta, nacho kinaipitishia honi ule mkubwa. Nikapata moja ya kamyo ya jeshi. Kimya! Shofere Ndayambaje akasema sumaku yake inataka volti ishirini na nne, batri yangu ina kumi na mbili. Nani alimuuliza?

Ijumaa, 4 Juni
Nimepata nyingine kwenye mashine ya kupasua mbao. Sumaku ya kumi na mbili, na ndimi zake za chuma, zile zinazogusana kupitisha umeme, zimeandikwa volti 220. Mia mbili na ishirini! Honi yangu ni nini mbele yake? Nimejaribu bila honi: tak! Ndayambaje akacheka. Eti, “Kaka, ile 220 iko ya umeme ya grupu, ya jenereta, inakata-kata yenyewe, cheche inakufa. Ya batri haipumzikake, cheche itayeyusha chuma. Ndimi zitashikana! Tafuta relais ya klakson, ya honi yenyewe.” Wivu. Ni binamu yake Floribert!

Jumapili, 6 Juni
Nikabonyeza. Honi ikalia vizuri sana. Nikaachilia. Ikaendelea! Ndimi zimegandana. Nikaipiga relais teke, nikaitukana mbele ya Padri. Na huku kwetu mlio usiokatika ni wa hatari. Kilima kizima kikashuka na mikuki, mapanga, ndoo za maji. Mbele kabisa baba yake Verdiane, anahema, akauliza, “Adui iko wapi?” Wote wakanitazama mimi. Ndayambaje akachomoa waya wa batri kwa vidole viwili. Mpumbavu, angechomoa mapema!

Jumatatu, 7 Juni
Nyumba kapewa Floribert. Baba yake Verdiane anasema binti bado mdogo. Juma lililopita alikuwa mkubwa! Dhuluma! Nani alijaza kanisa? Walijaa mpaka uani, hata wasiobatizwa! Kosa ni moja tu: 220 ilikuwa ndogo. Nimesikia kule Mubi, mgodini, kuna relais ya 380. Safari hii nitafunga honi mbili.