Affiche ya Kuchekesha pa Gare ya Kolwezi

Mardi, tarehe 9 Machi 1993
Tuko pa gare. Bakatanga banatufukuza, sisi batu ya Kasai. Na mi nilizaliwa hapa hapa, mu Dilala! Treni haiyakuya. Elise, bibi yangu, mama ya batoto, anasema kazi yangu ni moja: kuchunga treni, kusudi batoto bapate nafasi mu wagon. Sawa.

Lakini nani nakuta hapa? Tshilombo! Ule mwenye alininyanganya kazi ya kupaka ma-affiche ya sinema, zile picha kubwa za kutangaza filme. Filme ya kuchekesha, yee anapaka tu kichwa kubwa, meno yote inje, njano nyuma, maandishi nyekundu ya kuinama. Batu banapenda. Bure kabisa! Affiche ya kuchekesha inaomba mbingu mingi, na chini kabisa mutu mudogo, hajue bado kama batamucheka. Nikasinzia muchana, nikaota ile mbingu. Bleu, bleu, haina mwisho.

Mercredi, 10 Machi
Bijana banatayarisha teatre ya kuchekesha kama ile ya mu télé, kutuliza batu hapa. Itakuwa Dimanche, siku ya Mungu. Affiche banamupa Tshilombo! Nitapaka yangu. Mbao? Kuko mulango ya nyumba yetu. Elise aliibeba pa kichwa toka Dilala, batoto banailalia. Akasema nisiiguse. Akaenda kuteka maji. Nikaigusa.

Vendredi, 12 Machi
Imeisha! Mbingu juu, mbingu katikati. Chini, treni mudogo na mutu na valize yake. Pembeni nikaandika kidogo sana: Dimanche. Nikaisimamisha karibu na hangar ya mizigo.

Mama Bilonda, jirani yetu wa zamani, akaangalia, akavuta pumuzi. Nikangoja acheke. Akaenda kuleta matela yake ya kulalia, akasimama mbele ya mulango. Henri fundi wa nguo akamufuata na mashini yake. Kisha mulolongo muzima! Banazani treni itasimama pale, Dimanche. Nikabaambia ni teatre. Banasema, baba, usituchezee.

Mama wee! Batu bote banasimama mbele ya mbingu yangu. Kwa Tshilombo, hata mbuzi hasimame. Elise akanikasirikia, akasema niondoe ile kitu, batu bataachwa na treni. Nikamuahidi kuandika TEATRE makubwa. Lakini itaharibu mbingu. Sikuandika.

Dimanche, 14 Machi
Treni ikafika asubui, ngambo ingine! Mulolongo yangu yote ikaruka reli, matela pa kichwa. Batu banamuvuta Mama Bilonda kwa mikono, akapanda. Aksanti Mungu, bote ba mulolongo banapanda.

Elise akapandisha batoto, akaita jina yangu. Lukusa! Lukusa! Nikakimbia na mulango. Haiingie mu wagon. Tshilombo akanyoosha mukono toka mu wagon, akaniambia niiache. Nikamuomba ashike upande moja. Akasema nafasi ni ya batu, hapana ya mbingu. Treni ikatembea. Elise alikuwa analia, hakukasirika hata kidogo. Ile ndiyo inaniuma. Batoto banapunga mikono mupaka sikuona tena.

Lundi, 15 Machi
Nimelia sana, mbele ya batu. Sina haya.

Kisha nikarudi nyuma, nikaangalia affiche na roho ya kutulia. Nikaona kosa! Kumbe kosa hapana ya mbingu. Ni treni: iko mukubwa sana, inavuta macho. Tangu asubui naipunguza pole pole, na mbingu inaongezeka. Bleu, bleu.

Batu banakimbia, banasema treni ingine imefika, ya kufuata ile ya Elise. Inapiga filimbi. Ingoje kidogo. Rangi haiyakauka.